Usinunue buli la Kijapani kabla hujalijaribu kwa maji

Buli langu la kwanza, la kutoka mji wa Arita huko Japani, nililinunua kwa macho. Lilikuwa jeupe, limechorwa maua ya buluu, nikalibeba hadi chumbani kama yai. Kikombe cha kwanza tu, chai ikateremka chini ya mdomo wa buli na kulowesha kitambaa cha meza. Miezi mizima nililitumia huku nimeshika tambara, maana lilikuwa limemeza posho yangu ya wiki.

La pili nilililipia kwenye soko la vyombo la Arita, ambalo hufanyika kila mwaka kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei. Mama muuzaji aliponiona naligeuzageuza, alilijaza maji akanipa nimimine mwenyewe. Maji yakatoka kama uzi, na nilipoliinua yakakatika papo hapo, hakuna tone lililorudi nyuma. Akaniambia nizibe kwa kidole kile kitundu cha kifuniko huku namimina. Maji yakakoma. Ndivyo unavyojua kifuniko kimekaa sawasawa. Tangu siku hiyo sinunui buli ambalo sijalimimina, na nakusihi uombe hivyo hivyo.

Arita ni mji mdogo wa mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu. Inasimuliwa kuwa mfinyanzi Mkorea, Yi Sam-pyeong, aliyeletwa Japani wakati mtawala wa Japani, Hideyoshi, alipoivamia Korea, ndiye aliyegundua jiwe la kauri pale Izumiyama mwaka 1616. Jiwe hilo husagwa, hufinyangwa, kisha huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi mpaka linakaza kama kioo. Vyombo vilipakiwa melini katika bandari ya Imari, ndiyo maana Wazungu waliouziwa na Waholanzi waliviita Imari.

Kule kukaza ndiko kunakokufaa wewe jikoni. Kauri hainyonyi ladha: asubuhi chai ya kijani, jioni chai ya maua, na hazichanganyiki. Mabuli mekundu ya Tokoname, mji mwingine wa wafinyanzi Japani, ya udongo usiopakwa kitu, ni mazuri mno, lakini wenye nayo wengi hutenga buli moja kwa chai ya aina moja. Kama utamiliki moja tu, chukua la kauri.

Chungulia pia ndani, pale mdomo unapoungana na tumbo. Mimi napenda vitundu vidogo vingi vilivyotobolewa kwenye kauri yenyewe kuliko chujio la waya, ambalo huchakaa. Na chukua dogo, la vikombe viwili. Maji ya sencha, chai ya kijani ya Kijapani, yawe nyuzi 70 hadi 80, yaani yapoze kwanza kwenye vikombe. Maji yanayotokota huifanya chungu. Gawa kidogo kidogo kwa zamu, ukamue hadi tone la mwisho, maana linalobaki ndani huharibu mkupuo wa pili. Chai yetu ya maziwa na tangawizi iache kwenye sufuria yake.

Mabuli mengi ya Kijapani yana mpini ubavuni, umewekwa kwa anayemimina kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikishikilia kifuniko. Kwetu, ambako mgeni hapewi kitu kwa kushoto, mpini huo uliingia nyumbani bila shida. Wanaotumia kushoto wapo, na mabuli yao yapo: ulizia.