Chagua jarida kwanza, muhtasari uje mwisho
Umeuliza uanze na sehemu gani kabla ya kutuma makala ya utafiti wako wa wagonjwa. Chagua jarida kwanza, usome maelekezo yake kwa waandishi mpaka mwisho. Kisha tafuta mwongozo wa kuripoti unaolingana na aina ya utafiti: CONSORT kwa majaribio ya nasibu (wagonjwa hupangiwa tiba kwa bahati nasibu), PRISMA kwa mapitio ya kimfumo (yanayokusanya tafiti zilizokwisha fanyika), STROBE kwa tafiti za uchunguzi kama wako, ambazo mtafiti hutazama tu bila kuwapangia wagonjwa tiba. Fomu ya STROBE ina vipengele 22. Pitia kimoja kimoja, maana majarida mengi huitaka fomu hiyo ikiwa imejazwa namba za kurasa.

Andika mbinu na matokeo, muhtasari uje mwisho. Na tafadhali sana, hesabu wagonjwa upya: muhtasari ukisema 214 na jedwali la kwanza 211, mhakiki, yaani mtaalamu anayeisomea jarida makala yako, atatilia shaka kila kitu kingine, na ana haki. Usiishie kwenye p<0.05 (p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kiuhalisia hakuna tofauti); toa thamani yenyewe, tuseme p=0.03, pamoja na ukubwa wa tofauti uliyoiona. Namba ya kibali cha maadili iwe kwenye mbinu. Mpangilio wa majina ya waandishi mkubaliane sasa, kwa maandishi.