Muulize Fundi: Ripoti inaganda, batani ya Hifadhi imepotea, na mama wa Nansio kachoka na mausi

Mwezi huu maswali karibu yote yanatoka kwa watu wa programu za kompyuta ya mezani, yani zile unafungua kwenye Windows zina dirisha na batani zake, sio za simu wala za kwenye brauza. Nimefurahi kwa kweli, maana kuna watu walishazizika kabisa hizi programu wakati ukiingia duka lolote la jumla hapa Mwanza pale Makoroboi au ghala la dagaa Kirumba utazikuta ndo zinapiga kazi, intaneti ikikata zenyewe hazina habari. Maswali nimeyafupisha kidogo na majina nimeyaacha.

Fundi mambo vipi. Nimemtengenezea bosi mmoja hapa mwaloni Kirumba programu ya kupokea mzigo wa sangara na dagaa, nimetumia Python na Tkinter (zana yake ya kuchora madirisha), data ziko SQLite, ile databesi ya faili moja. Kuandika mzigo hakuna shida. Shida ni akibonyeza Ripoti ya Mwezi, dirisha linakuwa jeupe linaandika Not Responding, bosi anabonyeza tena na tena kwa hasira, likizinduka linamtolea ripoti tatu. Anasema nimemuuzia kitu kibovu. Nimwambie aongeze RAM? (Kijana wa Pasiansi)

Poa kaka. RAM usiiguse, utamtoa hela bure na dirisha litaganda vilevile.

Programu yenye dirisha, iwe Tkinter, iwe Swing ya Java, iwe WinForms ya C#, kwa kawaida ina tredi moja tu (yani njia moja ya kufanyia kazi, kama mfanyakazi mmoja) inayohudumia kioo. Hiyo hiyo ndo inachora batani, hiyo hiyo inasikiliza mausi na kusogeza dirisha. Ni konda wa daladala ya Buhongwa, akishuka kwenda kumtafutia abiria mmoja chenji ya elfu kumi basi gari zima linamsubiri, wa kushuka hashuki na wa kupanda hapandi. Windows ikiona dirisha halijaitikia chochote kwa sekunde 5 hivi inalipaka weupe na kuandika hayo maneno yanayomkera bosi wako. Na ile mibonyezo yake ya hasira haipotei, inapanga foleni, tredi ikirudi inaishughulikia mmoja mmoja, ndo unaona ripoti tatu.

Kwa hiyo kazi nzito ipe tredi nyingine. Kwenye Python fungua threading.Thread, ikimaliza hesabu iweke jibu kwenye queue (foleni ya majibu), halafu dirisha lenyewe liwe linachungulia hiyo queue kila milisekunde 100 kwa kutumia after. Hapa watu wengi wanaharibu sehemu mbili. Ya kwanza, wanaiacha ile tredi ya pembeni ibadilishe lebo au jedwali moja kwa moja, na kinachodanganya ni kwamba siku nyingine inakubali kabisa, unaenda kumfungia mteja ukijua mambo safi, kumbe itaanguka siku ya mzigo mwingi. Kioo kiguswe na tredi ya kioo tu, basi. Ya pili, muunganisho wa SQLite uliofunguliwa kwenye tredi moja Python inakataa uutumie kwenye nyingine, kwa hiyo fungua mpya humohumo ndani ya tredi ya ripoti. Wa Java nyie mna SwingWorker, wa C# mna async na await tangu 2012, na mkiona ule ujumbe wa Cross-thread operation not valid mjue ni sheria hii hii inawakumbusha.

Batani nayo izime palepale anapoibonyeza, andika pembeni "Naandaa ripoti", ikimaliza iwashe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu anaona ni papo hapo, likichukua sekunde 1 anaona kachelewa ila mawazo hayajakatika, likifika 10 akili imeshaenda kwingine. Ripoti yako kama inapita hapo weka mstari wa maendeleo na batani ya kughairi.

Lakini ngoja kwanza. Ripoti ya mwezi mmoja ya ghala moja mbona inachukua muda wote huo? Mi nahisi umeandika luupu inayouliza databesi upya kwa kila mvuvi kwa kila siku, wakati GROUP BY moja (amri ya kujumlisha kwa makundi) ingetosha na indeksi, yani orodha ya kutafutia haraka, kwenye tarehe. Au unahifadhi mihtasari na kila mstari unaufanyia commit yake, yani kuuthibitisha peke yake. Waliotengeneza SQLite wenyewe wanasema kwenye kompyuta ya kawaida inaweza kuingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde, ila transaksheni (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa kwa commit moja) ni makumi machache tu kwa sekunde kwenye diski ya kuzunguka, sababu kila commit inasubiri diski ithibitishe imeandika. Kusanya yote kwenye transaksheni moja uone. Unaweza ukakuta tredi hata huihitaji, ila iweke tu, mwakani mzigo wake utakuwa mkubwa zaidi.

Na mimi niko mwalo huohuo. Rangi nyeusi kwenye programu nzima si ndo ya kisasa? Mteja anasema haoni kitu.

Mteja kasema kweli. Kibanda kiko wazi, jua la ziwani mchana linapiga kwenye kioo na usuli mweusi unageuka kuwa kioo cha kujitazamia sura. Weka usuli mweupe na maandishi meusi, fonti ikuze. Ile kijivu juu ya kijivu inayopendeza ofisini iache, miongozo ya WCAG, ile ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa 4.5 kwa 1 angalau, na hapo hawajakutana na jua la Kirumba. Nyeusi iweke kama chaguo kwa atakayetaka.

Shikamoo Fundi. Nipo mwaka wa tatu chuo huku Nyegezi, projekti yangu ni ya Java Swing nimetumia NetBeans. Kwangu ilikuwa inapendeza sana, siku ya kuonyesha kwenye mashine ya mwalimu batani ya Hifadhi haipo na maandishi mengine yamekatwa. Sijabadilisha hata mstari mmoja. Nina wiki ya kurudia.

Marahaba mdogo wangu. Batani haijapotea, iko chini ya ukingo wa kioo inakusubiri.

Bila shaka uliweka Null Layout, yani hakuna mpangaji wa nafasi, ili vitu visitembee ukivipanga, ukakipa kila kimoja namba zake za mahali na ukubwa kwa setBounds. Hizo namba ni za mashine yako. Laptopu nyingi za zamani zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768, sasa Windows ikiwekwa ukuzaji wa asilimia 125 nafasi inayobaki kwa programu yako ni kama 1093 kwa 614, hapo bado hujatoa mstari wa chini wa Windows na kichwa cha dirisha. Batani uliyoiweka kwenye 650 itaonekana wapi? Na kuna jingine, Java 8 kwenye Windows ilikuwa haifuati huo ukuzaji, Java 9 ya mwaka 2017 ndo ikaanza kuufuata, kwa hiyo wewe ukiwa na ya 8 na mwalimu ana mpya, programu ileile itaonekana ndogo kwako na kubwa kwake.

Wiki inatosha sana. Dirisha zima lipe BorderLayout, mpangaji anayegawa dirisha juu, chini, pembeni na katikati. Batani zote kaziweke SOUTH, hapo hazitazama chini hata dirisha likifupishwa. Sehemu za kujaza ziweke CENTER ndani ya JScrollPane, kioo kikiwa kidogo mtu atashusha. Zenyewe zipange kwa GridBagLayout, inachosha kuandika sikufichi, ila ukishaelewa weightx, namba inayosema nani apewe upana uliobaki, imeisha. Mwisho ita pack(), dirisha lijipime lenyewe, badala ya kupanga ukubwa kwa kubahatisha. Na upana usiufunge kwa namba, ukitafsiri Save kuwa Hifadhi Mabadiliko maneno yanavimba mara kadhaa, ndo hayo maandishi yaliyokatwa.

Kabla hujarudi kwa mwalimu ingia mipangilio ya kioo, weka 125, fungua programu, weka 150, fungua tena, halafu livute dirisha liwe dogo uone kinachotokea. Kama unaweza azima projekta ya darasani mapema, nyingi zina pikseli chache kuliko laptopu yako.

Wa WinForms wanaosoma hapa, kwenu ni Anchor, Dock na TableLayoutPanel. Wa Tkinter msisahau columnconfigure yenye weight=1, na msichanganye pack na grid ndani ya fremu moja, Tk za sasa zinakataa kwa ujumbe lakini za zamani zilikuwa zinaganda kimya unabaki unatafuta mchawi.

Maswali ya haraka haraka: logo yangu haionekani kwenye Tkinter, ni nafasi tupu, na hakuna kosa lolote linaloandikwa.

Umeifungua PhotoImage (picha yenyewe) ndani ya fankisheni, fankisheni imeisha, Python imeona hakuna anayeishika ikaifuta. Andika self.logo = PhotoImage(...) ibaki imeshikwa.

Batani yangu inajibonyeza yenyewe programu ikifunguka, nikiibonyeza mimi haifanyi kitu.

Umeandika command=hifadhi() na mabano. Toa mabano. Na wale mnaotengeneza batani kumi kwa luupu halafu zote zinafungua bidhaa ya mwisho, andikeni lambda i=i: kabla ya kuita, namba ishikwe palepale.

Fundi habari za kazi. Nimerithi programu ya duka la dawa Igoma, iliandikwa kwa Visual Basic 6 na databesi ya Access, iko kwenye kompyuta moja. Mhudumu wa asubuhi anaona mauzo yake tu, wa jioni anaona yake tu, mwenye duka anaona hakuna kitu. Wameanza kushukiana wizi.

Salama kaka, na uwahi kabla hawajapelekana polisi. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja anaingia Windows kwa akaunti yake si ndiyo? Na faili la databesi liko ndani ya Program Files pamoja na programu. Tangu Vista mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, ila kwa programu za zamani kama hiyo Windows badala ya kukataa inatengeneza nakala kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji, tafuta AppData, Local, VirtualStore. Utakuta databesi mbili hivi au tatu, kila moja na mauzo yake, hata kama kwenye programu wote wanaona jina moja la faili.

Zikopi zote kwanza pembeni usifute kitu. Ziunganishe usiku duka likifungwa, angalia namba za risiti zisigongane maana kila nakala imejihesabia yake. Databesi ihamishie folda ndani ya ProgramData, folda ya Windows ya data za programu kwa watumiaji wote, na hiyo folda uipe ruhusa ya kuandika kwa watumiaji wote, ukiiacha hivihivi faili la mmoja mwingine ataishia kulisoma tu. Halafu usikubali ule ushauri wa kuwaambia wahudumu wafungue programu kama administreta kila siku. Itafanya kazi ndio, na siku kirusi kikiingia kwa fleshi kitafanya kazi vizuri pia.

Mwanangu, mimi sijui kutengeneza, nina duka la vifaa Nansio. Kijana kanifungia programu ya mauzo. Kila kisanduku lazima nishike mausi, nikiuza inaniandikia umefanikiwa nibonyeze OK, na nikiingiza bidhaa mpya mara nyingine inaniambia Error 19. Nimenunua na skana ya kusoma namba za bidhaa, nikipiga tu inahifadhi kabla sijaweka idadi. Anasema ni mimi sijazoea.

Shikamoo mama. Sio wewe. Mpe gazeti hili asome mwenyewe, namwandikia hapahapa.

Dogo, huyo mama ana wateja wamesimama kaunta na mkono mmoja umeshika bati. Kila kitu kifanyike kwa kibodi. TabIndex, yani mpangilio wa kitufe cha Tab, ifuate mtiririko wa mauzo yenyewe: bidhaa, idadi, bei, hela aliyotoa. Dirisha likifunguka kursa, ule mstari wa kuandikia, iwe tayari kwenye kisanduku cha kwanza. Ile OK ya umefanikiwa ifute leo, andika mstari mdogo chini ya dirisha "Imeuzwa, 45,000" utoke wenyewe. Maswali ya kuthibitisha yaache kwa kufuta tu, maana anayebonyeza OK mara mia kwa siku atabonyeza pia ile ya kufuta bila kusoma.

Skana haijaharibika. Kwa kompyuta skana ni kibodi tu, inachapa namba halafu inamalizia na Enter, na wewe umeiweka Hifadhi kuwa AcceptButton ya fomu (batani inayojibu Enter), kwa hiyo kila mlio wa skana ni Hifadhi. Iondoe hapo. Enter kwenye kisanduku cha bidhaa itafute bidhaa na kumpeleka kwenye idadi, kuhifadhi mpe F9 au chochote atakachokumbuka.

Error 19 ya SQLite maana yake kanuni ya databesi imevunjwa, kwa mama huyu nina hakika karibu kabisa ni namba ya bidhaa iliyokuwepo tayari. Ikamate hiyo, mwandikie "Namba hii tayari ni ya Msumari inchi 4. Unataka kuongeza stoku yake?" na batani mbili, Ongeza Stoku na Badili Namba. Lile kosa lenyewe la Kiingereza liandike kwenye faili la logi ukae nalo wewe.

Mama, kuhusu kumlipa tena: hiyo Error 19, visanduku na OK asikudai, ni kumalizia kazi yake. Skana kama hamkuongea mwanzoni ni kazi mpya, mlipane. Ila kabla hajataja bei mwambie aje akae kaunta akuuzie siku nzima ya gulio kwa hiyo programu yake.