Pua ningefanya, ila kwanza nimjue anayeshika kisu

Mhariri habari za kazi. Wiki hii mmeuliza hivi: ungekuwa na hela ungefanya upasuaji wa kurekebisha pua, na daktari ungemchaguaje? Mi jibu langu ni ndiyo ningefanya, na wala sioni aibu kulisema, ila hilo swali la pili ndio nataka nilishikilie maana naona watu tukikaa tunabishana kama ni dhambi au sio dhambi mpaka chai inapoa, alafu la nani anashika kisu hakuna anayelikumbuka.

Mi ni mpambaji wa maharusi hapa Tabora, saluni yangu iko Isevya, kwaiyo pua za watu nazishika kila wikendi, hasa ile miezi wakulima wa tumbaku wakishalipwa harusi zinafuatana mpaka unakosa hata muda wa kuosha brashi. Na ombi linaloongoza sio macho wala midomo, ni "dada nitoe pua". Nachukua konsila, ile krimu ya kufunika madoa, yenye rangi ya mwanga kuliko ngozi yake, navuta mstari mwembamba kuanzia katikati ya nyusi mpaka karibu na ncha, pembeni napitisha powda ya kahawia iliyokoza kuliko ngozi yake, nagongagonga na sponji mpaka mipaka ipotee, pale kwenye mabawa ya pua ndio nakazia. Pua inasimama, we mwenyewe unashangaa. Ikifika saa nne usiku ukumbini, jasho limeshashuka na mashangazi wameshamkumbatia wote, pua imerudi kwao.

Alafu kuna hiki nacho nakiona sana. Bibi harusi nimemaliza kumpamba yuko vizuri kabisa, anachukua simu anajipiga selfi mkono umekunjwa, anaanza kununa eti pua imejaa uso mzima. Namwambia mpe mpiga picha hiyo simu arudi nyuma hatua mbili, akipiga tu mtu anatabasamu. Sio maneno yangu ya saluni tu hayo, 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakakuta picha iliyopigwa kwa umbali wa kama sentimita 30 inaionyesha pua pana zaidi kwa karibu asilimia 30 ukiilinganisha na ya umbali wa mita moja na nusu. Kwaiyo kama pua yako unaichukia kwenye simu tu na kwenye kioo mnaelewana, huo ugomvi ni wako na simu, usimpelekee daktari.

Yangu ina mambo mawili. Bodaboda ilituangusha njia ya Ipuli nikatangulia uso, pua ikavunjika, na tangu hapo tundu la kushoto hewa haipiti vizuri, usiku nalala mdomo wazi, na kwa juu kimebaki kigongo kimeenda upande. Pale hospitali ya Kitete walinimulika ndani wakasema ule ukuta wa katikati umepinda, wakanishauri nikamuone bingwa wa masikio, pua na koo hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama yeye kasema Mungu hakosei na mazungumzo yakaishia hapo. Shekhe wetu alinisikiliza vizuri zaidi, akanihadithia habari ya sahaba Arfaja aliyekatwa pua kwenye vita vya Kulab akawekewa ya fedha, ikaanza kutoa harufu, Mtume akamwambia aweke ya dhahabu. Akasema kurudisha kilichoharibika ni kitu kimoja na kubadilisha kwa sababu ya fasheni ni kitu kingine, na hapo ndio mi na shekhe tulipoachana njia kidogo, maana nikishalala pale mezani kigongo kimetoka, daktari akisema na ncha inaweza kunyanyuka kidogo mi sintakataa. Na wale wanaosema haya mambo ya wazungu, Wahindi walikuwa wanatengeneza pua kwa kushusha ngozi ya paji la uso tangu zamani, na wazungu wenyewe njia hiyo waliiga kutoka kule.

Haya, daktari. Kuna dada kwenye grupu letu la WhatsApp anauza pakeji ya Uturuki, tiketi, hoteli, gari la kukupokea uwanja wa ndege na operesheni yenyewe humo humo. Nikamuuliza daktari anaitwa nani, akanitumia picha ya bwawa la kuogelea la hoteli. Nikauliza tena, akaniandikia "timu yetu ya mabingwa dia". Uturuki wana madaktari wazuri wanaofanya pua kila siku ya Mungu, hilo silibishi, ila mi siwezi kulipia pua bila kumjua kwa jina mtu atakayenifungua, alichosomea ni nini na kasajiliwa wapi. Hapa kwetu angalau njia ipo, daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na ukishapata jina uliza ubingwa wake ni wa nini. Kwa pua nataka bingwa wa upasuaji rekebishi au wa masikio, pua na koo, na hata huyo bingwa nitamuuliza pua za urembo anafanya mara ngapi, maana kuna anayekata tonsili wiki nzima na pua anagusa kwa mwaka mara moja. Anayejiita daktari wa urembo Instagram huku anachoma sindano kwenye chumba nyuma ya duka la vipodozi, huyo tusimuongelee.

Sasa zile picha za kabla na baada, hapo mtaniwia radhi maana ndio kazi yangu na ujanja wote naujua. Picha ya kabla taa iko juu ya kichwa, uso hauna hata powda, na mtu kaambiwa acheke. Mtu akicheka mabawa ya pua yanatanuka, jaribu sasa hivi kwenye kioo utaona. Picha ya baada kanuna kidogo kama yuko pasipoti, taa iko mbele, nyusi zimechongwa, na kontua ya kahawia naiona mimi pembeni ya pua hata kama wewe huioni. Mi nikipewa yule yule wa kabla na nusu saa yangu ntakutolea huyo wa baada bila kisu. Kwaiyo daktari anionyeshe picha za taa ile ile, mbele na ubavuni, uso haujapakwa kitu, na sio za wiki ya tatu, za mwaka mmoja baadae, kwa sababu uvimbe wa pua hautoki wote haraka, mwingi unaondoka wiki na miezi ya mwanzo ila ncha inaweza kuchukua mwaka mzima au na zaidi mpaka itulie.

Na anionyeshe pua za watu kama sisi. Hili ndio nalipigia kelele kuliko yote. Wengi wetu ngozi ya ncha ya pua ni nene, na ngozi nene ni kama blanketi juu ya stuli, hata uchonge stuli kona kali vipi ukifunika hazionekani. Daktari aliyezoea pua ndefu zenye kigongo kazi yake kubwa ni kupunguza, pua bapa nyingi zinataka kuongezewa kwa ndani ndio zisimame, na cha kuongezea kinatoka mahali: gegedu, yaani ule mfupa laini, ya ule ukuta wa katikati, au ya sikio, au ya ubavu, au anaweka kipande cha silikoni cha kiwandani. Silikoni ni rahisi kwake ila inaweza kuhama au kuchomoza kwenye ngozi hata baada ya miaka, kwaiyo muulize atatumia nini na kwanini, akikujibu "usijali" we beba pochi yako. Ukimpa picha ya msanii wa Korea ukasema nataka hii na yeye akasema sawa bila hata kukugusa pua, huyo nae ondoka. Mi namtaka anayeniambia hii haiwezekani kwa ngozi yako, hii inawezekana, na hii nikikupunguzia hapa utashindwa kupumua. Maana pua ikipunguzwa hovyo inabana hewa, na mi hewa ndio ilinipeleka.

Makovu pia tusidanganyane. Dada yangu alitoboa sikio akaota nyama kama punje ya mahindi, na sisi weusi tunaota hizo keloidi kuliko wengine. Pua daktari anaweza kuifanya yote kwa ndani, au akakata kidogo pale katikati ya matundu mawili ili afunue aone vizuri, na kama anapunguza mabawa anakata pembeni kwenye mkunjo. Mara nyingi kovu la pale linapona vizuri, ila kama familia yenu mna hizo nyama mwambie mapema kabla hajakupangia tarehe, na umwambie dawa zote unazomeza, aspirini hasa, na kama unavuta sigara au shisha useme ukweli maana inachelewesha kidonda kupona.

Vingine vya kuuliza ni vya haraka: nani anakupa nusu kaputi na je ni mtu wa usingizi kweli, hospitali ikitokea shida ina ICU, na plasta ngumu ya juu ya pua inatolewa lini. Mara nyingi ni kama wiki moja, kwaiyo usipange kugeuza na basi kesho yake, tafuta ndugu wa kukulaza mji huo huo. Ila ambalo watu hawaulizi kabisa ni pua isipokaa vizuri inakuwaje. Kurudia kunatokea hata kwa madaktari wazuri, na wengi wanataka usubiri kama mwaka kabla hawajaigusa tena, sasa huo mwaka uko Tabora na daktari wako yuko Istanbul, nani anakuangalia, na nani analipa tiketi ya pili? Yule dada wa pakeji nilimuuliza hilo, akasoma, tiki mbili za bluu, mpaka leo.

Kwaiyo mi naanza na Bugando kwa ajili ya hewa, nikifika ndio nimuulize bingwa kama kigongo kinaweza kutolewa humo humo au anitume kwa mwingine. Bima najua kwenye urembo haiingii, hiyo sehemu ntalipa mwenyewe. Kikoba chetu tunavunja Desemba.