Yungiyungi jeupe si la matanga tu
Dada, mama mkwe asikutishe kwamba yungiyungi jeupe ni ua la msiba, halifai harusini. Wachoraji wa Ulaya walimchora Gabrieli akimpelekea Maria yungiyungi jeupe halisi (Lilium candidum), ishara ya ubikira. Sasa, lile lenye umbo la faneli unaloliona City Market, soko la Nairobi, si yungiyungi halisi: ni Zantedeschia aethiopica, la kusini mwa Afrika. Huo weupe ni jani lililojikunja. Maua yenyewe ni madogo kama nukta, kwenye kijiti cha njano katikati. Una paka? Beba hili la faneli, ingawa nalo huwasha mdomo. Yungiyungi halisi huharibu figo za paka, hata chavua yake tu. Tena ukichagua hilo halisi, muuzaji aing'oe hiyo chavua mapema, ikigusa shela imekwisha!