Soma gazeti ukimtafuta msemaji

Ukubwa wa karatasi usikudanganye. Uingereza, kwa miaka mingi, karatasi pana ilikuwa alama ya gazeti makini na karatasi ndogo, yaani tabloidi, ikahusishwa na udaku. Siku hizi alama hiyo haifai tena: The Times liliacha karatasi pana mwaka 2004, na The Guardian likawa tabloidi mwaka 2018. Hata Mwananchi na Taifa Leo huchapwa kwa umbo dogo, wala si magazeti ya udaku.

Tofauti imo ndani ya habari. Chukua magazeti mawili ya siku moja yenye tukio lilelile, pamoja na kalamu mbili za rangi. Soma aya tano za kwanza tu. Kwa rangi ya kwanza, pigia mstari kila maelezo ambayo msemaji wake ametajwa kwa jina au cheo. Kwa rangi ya pili, pigia maneno ya kusisimua: "kigogo", "mrembo", "kinyama", "aibu". Kama ni kesi, udaku kwa kawaida utaanza na mtu: umri, sura, mpenzi, nyumba aliyopanga. Gazeti makini litaanza na mahakama, shtaka na tarehe ya kesi kutajwa tena. Rangi ya pili ikitawala, bado hujaambiwa kilichotokea, umeambiwa namna ya kujisikia.

Kosa baya kuliko yote ni msemaji kufutwa. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja wa mpira wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza. Waliokufa kwa mkasa huo hatimaye walifika 97. Siku nne baadaye The Sun, tabloidi ya Uingereza, liliandika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba huo ndio "ukweli": eti baadhi ya mashabiki waliwaibia majeruhi na kuwakojolea polisi. Maneno hayo yalitoka kwa polisi na mbunge mmoja, yakapitia shirika dogo la habari. Kichwa cha habari kikayageuza madai kuwa ukweli. Jopo huru lilipochunguza nyaraka mwaka 2012 halikuona ushahidi wa tuhuma hizo, na gazeti likaomba radhi. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi wa vifo likaamua kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Familia zilikuwa zimebeba fedheha hiyo miaka 27.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa magazeti makini hujikwaa. Magazeti mengine yalichapisha tuhuma zilezile yakiziita madai ya polisi. Maneno "polisi wanadai" hulikinga gazeti, hayamkingi anayetuhumiwa. Kwa hiyo ukishampata msemaji, uliza ana maslahi gani, kisha tafuta kama upande wa pili umehojiwa. Makamanda wawili wa kituo kimoja wahesabu kuwa chanzo kimoja.

Ukikutana na "chanzo chetu cha kuaminika" au "aliyeomba jina lake lihifadhiwe", angalia kama mwandishi ameeleza sababu ya kuficha jina na namna mtu huyo alivyoyajua anayoyasema. Kama hakueleza, usiisambaze habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Subiri matoleo mawili au matatu, na ufungue kurasa za ndani: masahihisho mara nyingi huwekwa huko, kwa herufi ndogo, hata kama kosa lilikaa ukurasa wa kwanza.