Moyo wangu ulikuwa "safi" nikiwa nimelala

Miezi mitatu nilimeza dawa za vidonda vya tumbo bila kuwa na kidonda chochote. Kila nikipandisha kilima pale Mlimwa kifua kinabana. Nikisimama kidogo kinaachia, naendelea na safari zangu. Zahanati moja hapa Dodoma walinipima umeme wa moyo nimelala kitandani, wakasema: "Mzee, moyo uko safi." Nani hapendi kuambiwa yuko safi?

Kosa langu: nilisema "kifua kinauma", sikusema kinauma lini. Mshipa wa moyo uliopungua upana unaweza kupitisha damu ya kumtosha mtu aliyelala. Shida hujitokeza moyo ukidai zaidi. Daktari wa pili, aliposikia neno "kilima" tu, akaniandikia kipimo cha kutembea kwenye mashine.

Siku yenyewe nikaenda na mokasini, kama mtu wa kikao cha harusi. Nikaazimwa raba namba 44, mimi navaa 41. Walininyoa kifua ili vibandiko vishike, wakanifunga mkanda wa presha mkononi. Mashine huanza taratibu, kama unamsindikiza mgeni. Kila dakika 3 inaongeza kasi na kuinuka. Nina miaka 56, kwa hiyo walilenga mapigo yafike kama 139 kwa dakika: 220 utoe umri, kisha asilimia 85 ya kinachobaki. Dakika ya saba kifua kikabana. Nikataka kujikaza kiume. Wewe usijikaze, sema palepale, maana ndicho wanachokitafuta. Kwangu mchoro wa umeme wa moyo ulikuwa umeshabadilika.

Dada yangu magoti yanamsumbua, kwa hiyo alichomwa dawa ya kuukimbiza moyo huku wakiutazama kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kuna pia kipimo cha kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo, inayoonyesha sehemu ya moyo isiyopata damu vizuri. Kikiambatana na dawa ya kutanua mishipa, chai, kahawa na kola huachwa tangu siku moja kabla, kwani kafeini huizuia dawa hiyo. Dawa za presha kama atenolol huzuia mapigo kupanda. Uliza kama uziruke siku hiyo, usiamue mwenyewe.

Ila kifua kikikubana umekaa tu, au kisiachie ukipumzika, jasho jembamba likikutoka, usingoje tarehe ya kipimo. Amsha jirani mwenye gari akupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usiendeshe mwenyewe.