Kaka anakuja na familia, anataka kulala mbugani kwenye gari. Tubuki wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Kaka yangu anaishi Marekani, Desemba anakuja na mkewe na watoto 2, wanataka wakodi gari la kulalia watoke nalo Entebbe mpaka kwetu Arua. Kule anaingia Recreation.gov, tovuti ya kubuki kambi za serikali, anachagua kiwanja cha kuegesha miezi 6 kabla, akifika anachomeka umeme na maji basi. Sasa kila siku ananiuliza huku kukoje na mi sijui hata pa kuanzia. (Msomaji, Arua)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie mapema kabisa, viwanja vya kuchomeka gari umeme na maji kwenye mbuga zetu asivitegemee, akodi lile gari lenye hema juu ya paa, Kampala na Entebbe yapo, abebe maji yake na pawabanki.

Ila njia yenu mna bahati nayo jamani! Walale Masindi, asubuhi waingie mbuga ya Murchison Falls kwa geti la Kichumbanyobo, wakapige kambi pale juu ya maporomoko, inaitwa Top of the Falls, Nile inajibana kwenye mwanya wa kama mita 7 halafu inaanguka, usiku kucha unasikia ule mngurumo. Mi napapenda kuliko lodji yoyote. Kesho yake wanavuka Nile pale Paraa, siku hizi kuna daraja, zamani ilikuwa kusubiri feri, wanatafuta twiga na tembo upande wa kaskazini, wanatokea geti la Tangi, hao Pakwach, na nyumbani Arua.

Kambi hiyo ni ya serikali, iko chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda, ofisi yao kuu ipo Kamwokya, Kiira Road, karibu na makumbusho. Uliza kambi kwa jina lake na upewe uthibitisho wa maandishi, maana Desemba watu wengi. Kiingilio ni cha saa 24, ada ya kambi ni mbali na gari nalo lina yake, kwa hiyo ukiingia saa 4 asubuhi hesabu kesho saa 4 uwe umetoka au unalipa tena. Kaka abebe kitambulisho cha Uganda kama anacho, asije akalipishwa dola kama mgeni.

Na tafadhali wafike kambini saa 11 jioni, giza lisiwakute njiani. Chakula chote kibaki ndani ya gari, nyani hawana simile, na watoto wasiende choo usiku bila mtu mzima na tochi, kiboko hutoka mtoni kula majani usiku.